Napiga chuku, ila sipigi chuku: siku moja maishani mwangu

Saa 1:30 asubuhi. Kazi yangu ni kuumika, wengine huita hijama: kuvuta ngozi kwa vikombe, na mara nyingine kuchanja damu itoke. Natandika karatasi mpya kitandani, nahesabu vikombe, najaribu pampu ya mkono. Kikombe cha plastiki kilichoshika damu sikioshi nikakirudisha kazini, kinatupwa. Wembe unaingia kwenye kopo gumu la vitu vyenye ncha. Virusi vya homa ya ini havipigi hodi.

Saa 2:15. Kijana mkimbiaji, mabega yamekaza. Aliona picha za muogeleaji Michael Phelps na madoa yake ya vikombe kwenye Olimpiki ya Rio, 2016, basi naye anayataka. Nabandika kikombe, navuta pampu mara tatu, ngozi inainuka ndani kama kichuguu. Inaanza waridi, inakuwa nyekundu, pembeni inaingia zambarau.

"Dada, hiyo ndiyo sumu inatoka?"

Wala. Mvuto unapasua vishipa vidogo mno, damu inavujia chini ya ngozi. Kuchuja taka ni kazi ya ini na figo. Akanyong'onyea kidogo, nadhani sumu ingemnogea zaidi kuwasimulia wenzake. Doa litafifia ndani ya siku chache, likikaidi wiki mbili.

Saa 4:00. Mzee anataka kuchanjwa mgongoni. Shikamoo, marahaba, halafu maswali yangu. Dawa gani unakunywa, baba? "Ya moyo tu." Namwomba anionyeshe: warfarini. Hiyo inazuia damu kuganda, na chale zangu zingeweza kuvuja zisikome. Nikakataa.

"Yule wa zamani hakuwa na maswali mengi hivi," akasema, akavaa shati kwa hasira.

Saa 7:00. Nimekula. Nimenyoosha mgongo, maana na mimi ninao.

Saa 8:10. Mama mwenye shingo inayouma, hijama ya kuchanja. Kikombe kwanza, nakitoa, nachanja vichale vya juujuu kama mkwaruzo wa paka, narudisha kikombe. Damu inachuruzika taratibu, inatuama, inaganda nyeusi na kutikisika kama jeli. Akachukua simu aipige picha. "Ona damu chafu, mwanangu!" Nikamwambia damu yoyote ikikaa nje ya mshipa huganda, na ikipungukiwa oksijeni huwa nyeusi. Picha akapiga vilevile.

Kosa likawa langu. Niligeuka kuandika daftarini, naye akainuka ghafla. Jasho, midomo imepauka, macho yanaelea. Presha ilishuka. Nikamlaza, miguu juu, na baada ya dakika kumi akaanza kunitania. Ilinipasa nimkalishe kwanza, na hilo nalijua miaka yote.

Akiondoka alisema shingo imekuwa nyepesi. Namwamini. Tafiti za maumivu ya shingo na mgongo zimeonyesha nafuu ya muda mfupi, ila ushahidi wenyewe ni dhaifu: utambandikaje mtu kikombe cha uongo asigundue?

Saa 11:00 jioni. Simu. Mtu anauliza akifanya hijama mara ngapi ataacha sindano za kisukari. Usiache hata moja, nikamjibu, muone daktari wako. Akasema kuna mwingine amemwahidi kupona. Kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kutia chumvi. Wenye lugha yao hawakukosea. Akakata.

Saa 12:15. Nafuta kitanda kwa dawa. Kopo la wembe limefika robo tatu, halijazwi zaidi ya hapo. Nalifunga.