Unazilima au Unaziadhibu?

Leo siku ya nne na lile neno la wifi bado linanizunguka kichwani kama mbu aliyeingia ndani ya neti.

Alikuja Jumapili. Kabla hata hajakaa nikamburura hadi uani kumwonyesha ndoo zangu sita za nyanya, kifua mbele, kana kwamba nina shamba. Shina la tatu kutoka ukutani lilikuwa na nyanya tano zinaanza kuwa nyekundu. Nikachuma iliyo kubwa kuliko zote, nikamwekea kiganjani. Kwa juu ilikuwa nzuri, inang'aa. Wifi akaigeuza. Kitakoni palikuwa na doa jeusi, limebonyea, kavu kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani. Akaitazama nyanya, akanitazama mimi.

"Wifi, hizi nyanya unazilima au unaziadhibu?"

Nami nikacheka! Nikasema, "Ndiyo najifunza." Mtu mzima, mama wa watoto watatu, ndiyo najifunza.

Tangu hapo nimeshamjibu upya sijui mara ngapi. Nikiosha vyombo namjibu, nikipiga pasi namjibu. Ningemwambia, mwenzangu ulishapanda nini? Ningemwambia, hebu nirudishie nyanya yangu. Juzi usiku nilipata jibu kali kweli, la kumnyamazisha mtu wiki nzima, asubuhi nikawa nimelisahau. Na sauti yake naisikia vilevile, ule mvuto aliouweka kwenye "unaziadhibuuu", yale macho. Alikuwa anatania? Wifi hutania akiwa amekaza uso, hilo nalijua tangu kisa cha mtindi, siku ile nilipotia kijiko cha mtindi wa zamani kwenye maziwa yanayochoma, nikaua bakteria wote wa kugandisha, asubuhi tukaamkia maziwa yale yale.

Katikati ya hayo Baba Zuu amepata ile nafasi aliyoisubiri tangu mwaka jana, Zuu kavunjika mkono na kufungwa plasta, na mimi nimemaliza miezi yangu ya majaribio ofisini. Alhamdulillahi kwa yote. Turudi kwenye nyanya.

Lile doa nilikuwa nalijua kabla ya wifi, ndiyo maana limeniuma. Ni kuoza kitako, na nilishasoma kwamba tunda linakosa kalsiamu. Basi nikakusanya maganda ya mayai 12, nikayaanika, nikayatwanga mpaka jirani akauliza kama tuna harusi, nikayanyunyiza kwenye ndoo zote. Nikangoja. Nyanya zilizofuata zikaja na vitako vyeusi zaidi. Maganda ya mayai, kumbe, huchukua miezi na miezi kuoza kabla mizizi haijapata chochote. Nilikuwa nimepamba udongo tu.

Sasa jana. Nipo kwenye sinki, narudia mazungumzo yetu kama kawaida yangu, unazilima au unaziadhibu, ndiyo najifunza, na kwa mara ya kwanza sikuishia pale. Mkono ukasimama ndani ya povu. Kwa sababu wifi hakunyamaza baada ya utani wake. Aliinama, akaingiza kidole kwenye udongo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Maji unazipa lini?"

Na mimi, nikiwa bado nimenuna kimoyomoyo, nikamjibu: "Nikikumbuka."

Akasema "Mm." Basi.

Nimebeba nusu ya mazungumzo siku nne, na nusu yenye faida nimeiacha uani! Kalsiamu husafiri na maji ndani ya mmea, na kitako cha tunda ndicho cha mwisho kufikiwa. Mimi ndoo naiacha hadi majani yananing'inia, halafu kwa huruma naimwagia mpaka inavuja chini kote, kisha ukame tena. Udongo unaweza kuwa na kalsiamu tele, lakini haifiki. Nilitoka na mikono ina povu, nikachomeka kidole hadi kiungo cha pili. Mkavu kama unga. Nikacheka peke yangu gizani, kicheko cha kweli safari hii, maana jibu la swali lake lilikuwa ni kuadhibu, tena adhabu ya kupokezana.

Leo nimeamkia huko kabla ya chai. Maji polepole mpaka matone ya kwanza yatokeze kwenye matundu ya chini, halafu nimetandaza majani makavu juu ya udongo usiunguzwe na jua. Zilizooza hazitapona, nazikata ule weusi na kinachobaki tunakula. Ila kuna nne changa ukubwa wa kidole gumba, vitako vyao bado vya kijani safi. Nimezipapasa moja moja. Sisemi kitu.

Na wifi ile nyanya hakunirudishia, aliitia mkobani. Ya kula au ya kwenda kumwonyesha mama mkwe, Mungu ndiye ajuaye. Kumpigia simu nimwambie kuhusu maji, bado sijafika huko.

Ila kuna jambo jingine. Jana usiku Baba Zuu alikuwa anakoroma kama siku zote, akanyamaza ghafla. Si kunyamaza kwa kujigeuza. Kimya kabisa, kisha akavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Iliporudi mara ya pili nilihesabu, nikafika kumi na mbili. Asubuhi hakumbuki chochote, anasema nimeota. Leo nitakaa macho nihesabu tena.