Nilivyoziweka sabufa mbili za inchi 12 kwenye buti la 350Z

Mwenye Nissan 350Z analijua hili buti, juu kuna kioo kinateremka na katikati inakatiza ile pau nene inayoshika body huku na huku juu ya shokapu. Watu wanashauri uikate au uitoe upate nafasi. Mi sikuigusa, ile ni sehemu ya uimara wa gari, boksi ndo lifuate gari.

Sasa sabufa, yani spika ya besi, haijali umbo la boksi kivile, inajali ujazo. Zangu zilitaka lita 28 kila moja kwenye boksi lililozibwa kabisa, yani lisilo na tundu la hewa. La tundu linakula nafasi zaidi na kwa gari dogo kama hili halina haja, kebini yenyewe inasukuma besi ya chini juu.

Nikatengeneza boksi la kabari nyuma ya ile pau, kwa ndani mbele sm 26 nyuma sm 14 ili lifuate mteremko wa kioo, sabufa zinatazama juu. Hesabu ni rahisi, wastani wa kimo ni sm 20, zidisha upana 90 na urefu 35 unapata lita 63. Toa ubao wa katikati unaotenganisha sabufa, toa na sumaku zenyewe maana nazo zinakula kama lita mbili na nusu kila moja, unabaki na 56 na kitu. Imeenda.

Kabla ya kukata MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, nilitumia wa milimita 18) nilitengeneza lote kwa kadibodi kwanza, nikabandika vidonge vya udongo wa kuchezea juu pale sabufa zitakapokaa, nikafunga buti taratibu nikafungua. Unene uliobaki kwenye kidonge ndo nafasi halisi uliyonayo chini ya kioo, na kumbuka koni inapanda ikipiga kwa hiyo usiridhike na kidogo. Hapo ndo nilipoamini itawezekana, tepu haikupi jibu zuri kama hilo kwenye kioo cha mviringo.

Maungio ni gundi ya mbao na skrubu, ndani silikoni kila kona, maana boksi likivuja utasikia linapumua.

Kulifunga ndo msifanye mchezo. Boksi na sabufa zake ni mzigo, na kati ya buti na mgongo wako hakuna ukuta, ukigonga linakuja mbele lote. Nimelifunga kwa bolti hadi kwenye bati la chini, ila chungulia chini ya gari kwanza kabla ya kutoboa, kuna mabomba na nyaya.

Umeme wa kawaida tu: waya mnene toka betri, fyuzi karibu na betri isizidi sm 45, ethi kwenye bati lililokwanguliwa rangi. Kila sabufa yangu ina koili mbili, na koili nne za ohm 4 zote sambamba zinatoa ohm 1, hakikisha ampu (amplifaya) yako inaimudu. Nimekata kwenye 80 Hz, yani sabufa zinapiga besi ya chini ya hapo tu.

Besi ilipoanza kupiga kilicholalamika ni pleti namba na plastiki za pembeni, nikaweka shiti za butili (mpira unaonata wa kuzuia mtetemo) nyuma yake zikanyamaza. Kuna moja ya upande wa kushoto bado inapiga kelele wimbo ukishuka chini sana, naitafuta.