Chumvi Tanurini, Höhr-Grenzhausen

Mama mdogo alipokuja kunitembelea kutoka Kyela, alichoshwa mapema na makanisa na makasri ya kando ya mto Rhine. "Mwanangu, makanisa nimeyaona. Sasa nionyeshe hawa watu mikono yao inafanya nini." Basi Jumamosi moja ya mwezi Mei tukapanda basi pale stesheni kuu ya Koblenz kwenda Höhr-Grenzhausen, mji wa wafinyanzi ulio juu ya vilima vya Westerwald.

Treni ya abiria haifiki mjini humo, kwa hiyo basi ndilo tegemeo, na Jumamosi huwa machache kuliko siku za kazi. Maduka ya miji midogo ya Ujerumani hufungwa Jumamosi mchana, na Jumapili karibu yote hayafunguliwi. Jumatatu nayo makumbusho yamefungwa. Anayetaka kuona karakana zikiwa na watu ndani afike Jumamosi asubuhi au katikati ya wiki.

Makumbusho ya ufinyanzi, Keramikmuseum Westerwald, tuliyapitia haraka, ingawa yanastahili nusu siku. Pale ndipo unapoelewa kwa nini mji uko hapa. Chini ya ardhi ya Westerwald kuna udongo mweupe, laini, wenye chuma kidogo, ambao hadi leo unachimbwa na kusafirishwa mpaka Italia kutengenezea vigae. Juu ya udongo huo ni msitu, yaani kuni. Chini ya vilima ni Rhine, yaani barabara ya kupeleka mzigo Uholanzi na baharini. Mwishoni mwa karne ya 16 familia za mafundi zilihamia hapa, akina Knütgen kutoka Siegburg na akina Mennicken kutoka Raeren, mji ambao leo uko Ubelgiji. Walikuja na ujuzi wa kuchoma kwa chumvi, na magudulia ya kijivu yenye michoro ya buluu yakawa alama ya eneo zima. Höhr na Grenzhausen vilikuwa vijiji viwili. Mwaka 1936 vikaunganishwa na kupewa hadhi ya mji. Bado unauona mshono, kwa sababu mji una vitovu viwili na mgeni hujikuta akiulizia katikati ya mji mara mbili.

Kilichomfanya mama mdogo aache kuangalia saa ni tanuri. Katika karakana moja walikuwa wanachoma siku hiyo, na mfinyanzi, mwanamke wa makamo, aliwaruhusu wageni wasimame uani, upande unakotoka upepo. Upande wa pili moshi ulikuwa mweupe na mkali kooni. Ukali huo si wa kuni wala wa gesi. Ni wa chumvi.

Kazi inakwenda hivi. Chombo kilichokauka kabisa huingia tanurini bila kupakwa rangi ya kung'arisha kwa nje. Moto hupandishwa polepole saa za mwanzo, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakigeuka mvuke kwa ghafla chombo hupasuka, na vipande vyake huharibu na jirani zake. Joto likifika nyuzi 1,200 na ushei, udongo umeshaanza kushikana kama jiwe. Hapo ndipo chumvi hutupwa ndani, ile ya kawaida ya mezani, iliyoloweshwa kidogo. Mfinyanzi wetu aliitia kwa mwiko mrefu wa chuma kupitia tundu la pembeni, fungu dogo dogo, kisha akasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudia. Kila fungu liliingia kwa mlio wa kupasuka. Chumvi huyeyuka na kugeuka mvuke papo hapo. Sodiamu yake hushikana na silika, madini ya mchanga, iliyomo kwenye udongo na kufanya kioo chembamba juu ya chombo. Klorini inayobaki hutoka bombani pamoja na mvuke wa maji ikiwa asidi, na ndiyo iliyokuwa inatukwaruza koo. Utando huo wa kioo hutoka na vijishimo vidogo, na wafinyanzi wenyewe huufananisha na ganda la chungwa. Ukitoka laini mno, ujue chumvi haikutosha au udongo una silika kidogo.

Chumvi hukaa popote inapopata nafasi, hata kwenye rafu za tanuri. Ndiyo maana kila chombo husimama juu ya vidonge vidogo vya kaolini na alumina, vitu ambavyo haviishiki sodiamu. Bila vidonge hivyo chombo na rafu hugandana, na kuvitenganisha ni kwa nyundo. Mvuke pia hauingii vizuri ndani ya gudulia lenye shingo nyembamba, kwa hiyo ndani hupakwa rangi ya kioo mapema, kabla ya kuchoma.

Ile rangi ya kijivu hutokana na hewa. Bamba la bomba la moshi likisukumwa ndani, oksijeni hupungua tanurini na chuma kidogo kilichomo kwenye udongo hubaki kijivu. Hewa ikizidi, vyombo hutoka na rangi ya manjano au kahawia. Buluu ni kobalti, aina ya metali. Wafinyanzi wa zamani hawakuichagua kwa uzuri peke yake: katika joto hilo rangi nyingi huungua zikapotea, ila kobalti husimama, na manganizi kidogo kwa zambarau. Kwa kuwa kobalti hutiririka chumvi inapoyeyuka, mistari huchorwa kwanza kwa ncha kwenye udongo mbichi ili izuie buluu isivuke mpaka. Kuna na pambo wanaloliita Knibis: kijiti bapa huyumbishwa kushoto na kulia kikisogezwa mbele, na kuacha vidutu vya nusu duara vinavyofunguka mfano wa feni. Linaonekana rahisi. Mkono ukisita kidogo tu, safu nzima inapinda.

Kujua kama chumvi imetosha, huwezi kufungua tanuri. Nyuma ya tundu la kuchungulia hupangwa vipete vya udongo uleule. Mfinyanzi aliingiza chuma chenye kulabu, akatoa kipete kikiwa chekundu kama kaa, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kilipopoa akampa mama mdogo, ambaye alikipitishia ukucha pande zote, akakigonga kwenye ukingo wa ndoo, akasema, "Bado kidogo, huku kumeparara." Nikatafsiri. Mfinyanzi akacheka, akatia fungu jingine la chumvi.

Mama mdogo anajua vyungu. Amekulia karibu na Matema, kando ya Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, na hakuna anayenunua bila kugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chungu chao huchomwa nje, kwa nyasi na kuni, joto lisilofika mbali. Kwa hiyo kinapitisha unyevu, na ndiyo sababu maji yake ni baridi. Alipomuuliza mfinyanzi kama gudulia la hapa linapoza maji, jibu lilikuwa hapana. Udongo uliochomwa hivi haupitishi kitu. Kazi yake ni kutunza: siki, kachumbari ya kuchacha, mvinyo wa tufaha. Watu wa Frankfurt huuweka mvinyo huo kwenye Bembel, gudulia nene la kijivu lenye tumbo, na ukubwa wake huhesabiwa kwa glasi zinazoingia ndani, si kwa lita.

Akanunua mtungi wa kuchachushia kabichi, wa lita tano. Ni chombo chenye akili. Mdomoni una mfereji. Unaujaza maji, kifuniko kinakaa ndani ya maji hayo, gesi ya kuchacha inatoka kwa mapovu na hewa ya nje haiingii. Ndani huja na mawe mawili mazito ya umbo la nusu duara, ya kukandamizia kabichi zibaki chini ya maji ya chumvi, kwani kinachoelea juu ndicho kinachoota ukungu. Kipimo ni gramu 15 hadi 20 za chumvi kwa kila kilo ya kabichi. Mfereji ukaguliwe kila siku chache, maana maji hukauka kimya kimya na hapo mtungi wote unaharibika. Mama mdogo alikuwa anawaza kuchachushia ndimu na pilipili.

Nikamshauri tuutume kwa posta. Alikataa. Akakunja khanga, akasokota ngata, akaweka mtungi kichwani. Kifuniko na mawe yake vikaingia kwenye begi langu. Na hivyo ndivyo tulivyoshuka bonde la Brexbach.

Kutoka mjini hadi Grenzau ni mteremko mfupi wa msituni. Juu ya kijiji ipo ngome ya karne ya 13 yenye mnara wa pembe tatu, jambo ambalo hutaliona kwenye ngome nyingine ya Ujerumani. Ngome haiko wazi kila siku, lakini pembe yake inaonekana vizuri zaidi ukiwa chini. Kijiji chenyewe ni nyumba chache na hoteli moja kubwa, halafu unaambiwa timu yake ya tenisi ya meza imecheza ligi kuu ya Ujerumani kwa miongo mingi na kutwaa ubingwa.

Kuanzia Grenzau hadi Sayn, mwisho wa bonde, ni kama kilomita 10 ukifuata kijito, na karibu njia yote inashuka. Kando yake ipo reli ya mwaka 1884 kati ya Engers na Siershahn, inayopita juu ya madaraja ya mawe na kutoboa miamba. Huduma ya kawaida ya abiria ilikoma mwaka 1989. Reli bado imelala pale, na mtu hushawishika kutembea juu yake kwa kuwa ni tambarare. Usifanye hivyo, ni marufuku, na mataruma yaliyooza huteleza kuliko tope. Fuata njia ya miguu na alama zilizopakwa kwenye miti. Viatu viwe na soli yenye meno, maana mawe ya bondeni ni ya tabaka tabaka na hubaki na maji hata siku ya jua. Beba maji ya kunywa, kwa sababu hakuna duka hadi mwisho, na simu hukosa mtandao sehemu kubwa ya bonde. Suruali ndefu iingizwe kwenye soksi: kupe wa huku huambukiza ugonjwa wa Lyme, na usiku ni lazima kujikagua kwapani na nyuma ya magoti. Upepo ukivuma sana ahirisha safari. Baada ya ukame wa 2018 na miaka iliyofuata, mbawakawa wa magome waliua misonobari mingi ya Westerwald, na mingine imesimama mikavu, ikisubiri kuanguka.

Watu tuliokutana nao walisalimia, wakatazama mtungi, wakasalimia tena. Kwenye vidaraja vya mbao mama mdogo alipunguza hatua lakini hakuushika hata mara moja. Mimi niliyebeba mfuniko ndiye niliyeomba tupumzike, karibu na uwanja wa kambi wa maskauti.

Sayn kuna bustani ya vipepeo, nyumba ya vioo yenye joto na unyevu. "Vipepeo ninao nyumbani," akasema. Tukaenda Sayner Hütte, kiwanda cha kale cha kuyeyushia chuma, na kwa maoni yangu ndicho cha kuona pale. Ukumbi wake wa kusubu, uliosanifiwa na Carl Ludwig Althans na kukamilika mwaka 1830, umejengwa kwa chuma cha kusubu, na nguzo zilezile zinazobeba paa zilibeba pia winchi za kuzungusha mizigo. Mbele yote ni kioo. Kutoka hapo basi linakurudisha Koblenz.

Kwenye kufungasha kurudi nyumbani mtungi ulijazwa nguo hadi mdomoni, ukazungushiwa blanketi na kuwekwa katikati ya sanduku, mbali na pembe. Kifuniko kikaenda mkobani. Zile nusu duara mbili aliziacha kwangu ili kuokoa kilo. Mawe, alisema, Matema yamejaa ufukweni bure. Nikamwambia ayachemshe kwanza, na asichukue la chokaa, kwa kuwa asidi ya kuchacha italila na kuharibu ladha. Alitaka kujua atalitambuaje. Tone la siki: likitoa povu, alitupe.