Nilivyotenganisha watu na vitanda katika takwimu za hospitali ya akili

Nilitaka kujua hospitali ya akili inahudumia watu wangapi ili huduma zipangwe. Ushauri niliopewa ulikuwa huu: chukua rejesta ya kulazwa, hesabu mistari, gawa kwa idadi ya wakazi wa eneo. Ukiufuata utapanga huduma za watu wasiokuwepo. Rejesta huhesabu kulazwa. Aliyerudi mara nne anaonekana watu wanne, na wanaorudi mara nyingi ndio hasa wenye maradhi ya muda mrefu.

Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuunganisha mistari ya mtu mmoja. Kulinganisha majina herufi kwa herufi kunashindwa mapema, kwa sababu Yusufu wa leo ni Yusuph wa mwakani, na umri wa 30 hubaki 30 miaka mitatu. Nilibakiza konsonanti tu, "ph" nikaifanya "f". Umri niliutoa kwenye mwaka wa kulazwa ili nipate mwaka wa kuzaliwa, nikaruhusu tofauti ya miaka mitatu, kisha nikaongeza jinsia na mahali anapotoka. Penye shaka, faili lilifunguliwa. Halafu ukaja mtihani ninaojivunia: mtu akionekana amelazwa upya kabla hajaruhusiwa, au baada ya kufa, hao ni watu wawili waliounganishwa kimakosa. Ulinasa makosa ambayo jicho lisingeyaona. Baada ya hapo majina yalifutwa, zikabaki namba.

Msihesabu waliomo wodini siku moja mkadhani mmewapata wagonjwa wa mwaka. Chukua vitanda 50 vilivyojaa: 10 vina watu waliokaa mwaka mzima, 40 vina wanaokaa siku 20. Vile 40 hupokea watu 730 kwa mwaka. Siku ya kuhesabu, wakaaji wa muda mrefu ni mmoja kati ya watano. Kwa mwaka ni mmoja kati ya 74. Anayepanga makazi ya jamii anahitaji hesabu ya kwanza, anayepanga dawa na watumishi wa mapokezi anahitaji ya pili. Na wastani wa siku za kulazwa, ukivutwa na hao kumi, haumsaidii yeyote kati ya hao wawili wanaopanga.

Umbali nao usisahaulike. Daktari Edward Jarvis alishaonyesha huko Massachusetts, Marekani, karne ya 19, kwamba wanaoishi karibu na hospitali hulazwa zaidi. Eneo la mbali lenye namba ndogo nililiwekea alama ya kupelekewa kliniki, sikuliita eneo lenye afya.