Kutoka Tanga mpaka Lamu: wiki ya kwanza ya sisi wanafunzi wageni

Barua ya chuo ilisema wageni wote wapya wa idara tukutane Malindi jioni ya Jumatano, alafu kesho yake alfajiri safari ya Lamu, huko ndo orientesheni itafanyika. Sio Nairobi, sio kwenye kampasi. Nilivyoisoma nikafurahi kwelikweli, manake mtu anakuja kusoma lugha ya watu, basi apelekwe kwa hao watu kwanza, mambo ya maktaba na kadi ya uanafunzi yatafuata.

Mimi ni wa Tanga. Nimekuja Kenya kufanya uzamivu, kwa hiyo kwenye orodha ya chuo mi pia ni mgeni wa kimataifa, pamoja na kwamba Kiswahili ndo nimezaliwa nacho na kutoka kwetu mpaka mpakani ni mwendo mfupi tu. Mama alinifungia visheti vya kutosha kijiji, akanisisitizia jambo moja, nyaraka zote zichapishwe zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisibaki kwenye laptopu. Pale mpakani Lunga Lunga nikaelewa kwa nini. Afisa aliangalia paspoti, akaangalia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, akaniuliza unakwenda kufanya nini na kwa muda gani, nikamtolea barua ya kukubaliwa, akaisoma yote mpaka sahihi, akagonga mhuri. Dada mmoja nyuma yangu barua yake ilikuwa kwenye simu na simu imezima, akasimama pale muda mrefu anatafuta mtu wa kumchajia. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji ile eTA, kibali cha kusafiri cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, ila barua ya chuo unaihitaji kila unapokwenda.

Likoni tukavuka kivuko na ule umati wa watu wa miguu, wao hawalipi kitu, alafu nikapanda matatu ya Malindi. Pale Vipingo nkaona mashamba ya mkonge mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka, nkajihisi bado niko kwetu Tanga. Kisha daraja la Kilifi, kisha msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha njia panda ya Gede kwenye ule mji wa magofu ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na baada ya hapo kidogo tu uko Malindi.

Malindi tulikuwa watano. Mjerumani anayesoma lahaja, Mjapani anayechunguza ujenzi wa nyumba za mawe, dada wa Kampala wa fasihi, kaka mmoja wa Kano anayesoma hati za kale za Kiislamu, na mimi. Mratibu wetu ni mama wa Lamu, mwalimu wa idara, sote tukawa tunamwita Mwalimu tu, na Mjerumani akiwa anataja na cheo chake chote mwanzoni mpaka Mwalimu mwenyewe akamwambia mwanangu inatosha. Jioni ile akatupeleka kuiona nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni, yule Mreno alipita Malindi 1498, lakini Mwalimu hakukaa sana kwenye habari zake, akatuonyesha zaidi wavuvi wanaovuta ngalawa na vijana wa mjini wanaoongea Kitaliano kama maji kwa sababu ya watalii. Akasema hapa lugha zinakuja na upepo na biashara, na nyinyi mmeletwa na masomo, karibuni.

Usiku ndo tukafunguliwa habari za karatasi na hapa naomba niseme kwa urefu kwa sababu ndo panapowaumiza wageni wengi. Kwanza kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya Kenya ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Unaomba kwa mtandao, na kama wewe sio Mkenya lazima uwe umeshikizwa na taasisi ya humu nchini, yani idara ikuandikie kwamba inakujua. Kibali kikitoka hakijakufikisha bado, unatakiwa kabla hujaanza kazi ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ile unayofanyia kazi. Ukimaliza utafiti unatakiwa uwasilishe nakala ya ripoti yako. Hayo ni mbali na pasi ya mwanafunzi ya uhamiaji, na mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 inabidi asajiliwe apate kitambulisho cha wageni. Mwalimu alikuwa na bahasha ya kila mmoja wetu, ndani kuna nakala za barua zetu zimepangwa na jina juu, na namba yake ya simu kwa maandishi makubwa ili hata simu ikipotea uwe nayo kwenye karatasi. Nimeshapokelewa kwenye sehemu nyingine huko nyuma ambako walinipa ratiba na ramani ya majengo basi, hakuna aliyeniuliza kama nina pa kulala. Kwa hiyo ile bahasha mi niliiona ni heshima kubwa.

Akasema pia habari ya saa, na hii iwaingie wale wasiokulia kwetu: barua pepe za chuo zinahesabu saa kizungu, nahodha wa boti anahesabu kiswahili. Ukiambiwa saa moja asubuhi boti inaondoka, ndo ile saa jua limeshatoka. Mjapani akaandika kwenye daftari safu mbili za saa, akalibeba hilo daftari wiki nzima.

Basi la Lamu tulilipanda kabla kupambazuka. Ukitoka Malindi unavuka mto Sabaki, maji mekundu ya udongo, kisha Gongoni na Marereni kwenye viwanda vya chumvi, madimbwi makubwa yanang'aa na vilima vyeupe kando ya barabara, kisha unaingia nchi ya Tana na Garsen. Toka hapo kwenda mbele ni vizuizi vya polisi, mnashuka mnapanga mstari mnaonyesha vitambulisho, mnapanda, mnatembea, mnashuka tena. Lami siku hizi ipo mpaka huko na safari imekuwa nyepesi, wenyeji ndani ya basi walikuwa wanasimulia zamani ilivyokuwa mvua ikinyesha. Kwenye kizuizi kimoja askari alimtoa kaka wa Kano pembeni, anamuuliza anatoka wapi anakwenda kwa nani, na yeye Kiswahili chake kilikuwa cha kozi ya kwanza. Mwalimu akashuka, hakupaza sauti, akamsalimia askari, akamuuliza habari za kazi na za jua, alafu akasema "huyu ni mwanafunzi wetu, mgeni wangu, analala kwangu." Askari akaangalia barua, akamrudishia kaka paspoti yake akamwambia karibu Lamu. Ile sentensi, mgeni wangu, analala kwangu, ilifanya kazi kuliko mhuri wowote tuliokuwa nao. Na ndo ninachotaka idara zote zinazopokea watu kutoka nje wakielewe, mgeni apewe mtu. Awepo binadamu mmoja anayeweza kusimama akasema huyu ni wangu.

Witu tukapita, ule mji uliokuwa na sultani wake na Wajerumani wakauweka chini ya ulinzi wao kuanzia 1885 mpaka 1890, Mjerumani wetu alinyamaza kidogo pale akachungulia dirishani. Mokowe basi linaishia. Ukishuka wapagazi wanakuvamia kwa mabegi, unateremka gatini, unavaa boya la kifuani, unaingia kwenye boti na baada ya dakika chache mji unatokea mbele yako, nyumba nyeupe, minara, majahazi yamefunga, na kila mtu ndani ya boti ghafla anatafuta simu yake ampigie mtu amwambie nimefika.

Lamu magari unaweza kusema hayapo. Ni punda, mikokoteni na miguu yako, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba ukisikia kwato nyuma unajibanza ukutani apite. Tuligawanywa kwenye nyumba za watu, sio hotelini, mi na dada wa Kampala tukawekwa mtaa wa Mkomani kwa bibi mmoja mjane mwenye nyumba ya mawe yenye zile zidaka ukutani, vishubaka vya plasta iliyochongwa. Jioni alitupa mkate wa mofa na samaki wa kupaka, akatuambia mambo ya ndani kwa upole, maji ya kunywa ni haya, ya kuoga ni yale, mlango ufungwe magharibi, chandarua mkishushe hata kama hamsikii mbu, na anayeugua asinifiche, Hospitali ya King Fahd haiko mbali. Dada wa Kampala akauliza kuhusu mavazi, bibi akamletea leso mbili akamfunga mwenyewe moja kiunoni moja mabegani, akarudi nyuma kidogo akamtazama akasema mashallah umependeza. Hapakuwa na haja ya hotuba.

Kesho yake ofisi, kule kujitambulisha. Karani alikuwa mtu mzima mwenye miwani, akafungua daftari kubwa, akaandika majina yetu kwa mkono mmoja baada ya mwingine, jina, nchi, chuo, mada ya utafiti, na kila mada alikuwa anaisoma kwa sauti kisha anauliza swali. Mjapani alipoeleza habari za nyumba, karani akavua miwani akamwambia nyumba ya babu yangu inaanguka upande mmoja, ukipata nafasi uje uione. Miadi ya kwanza ya utafiti imepatikana dirishani.

Alasiri tukapelekwa mjini. Tukaanzia Mkunguni mbele ya ngome, ngome iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, wazee wamekaa wanacheza bao, tukapita barabara ya ndani, tukafika kwenye baraza ya mzee mmoja anayeshona kofia. Kofia za Lamu zile za kutoboa na kushonwa kwa mkono, kazi ya miezi. Mjerumani mkono ulikuwa tayari kwenye begi la kinasa sauti. Mzee hakuinua macho kwenye sindano, akasema, "Ndooni, ketini. Yeo hatusomi, yeo twajuana." Basi tukakaa. Akamuuliza kila mmoja mama yake yu hai, baba yake yu hai, ndugu wangapi, umeoa hujaoa. Kahawa ikaja na halua. Mi akaniuliza Tanga ipi, nikamwambia Ngamiani, akataja jahazi alilolipanda ujanani kwenda huko na mikoko, na bandari zote alizopita akazitaja kwa mpangilio. Nilimsikiliza nikiwa na hamu ya kuandika kila neno lakini mikono nikaiacha mapajani, kwa sababu ameshasema siku ile sio ya kazi.

Baadae akaingia ndani akatoka na karatasi za utenzi kwa herufi za Kiarabu, za marehemu babake. Hapo kaka wa Kano akawa mtu mwingine kabisa. Kwao Kihausa nacho kiliandikwa kwa herufi hizo miaka mingi, akaishika ile karatasi kwa mikono miwili akaanza kusoma kwa sauti, polepole, maneno mengi hajui maana yake lakini sauti inatoka, na mzee akawa anamrekebisha mahali pa mb na p na vokali, anarudia mstari, wanakwenda pamoja. Watoto wakajaa mlangoni. Mjane wetu aliyekuwa anapita akasimama akausema mstari uliofuata kabla kaka hajausoma, kumbe anaujua kwa moyo tangu utotoni.

Usiku Mwalimu akazungumza nasi juu ya deni, na alikuwa mkali. Akasema watafiti wamekuja hapa tangu zamani, wamechukua sauti na karatasi na picha, na watu wa Lamu wengine hawajawahi kuona kilichoandikwa juu yao. Akatoa mfano mzuri pia, hati za Msikiti wa Riyadha, msikiti ulioasisiwa na shekhe Habib Swaleh, zilipigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, na zenyewe hati zimebaki pale pale Riyadha. Hivo ndivo anavyotaka. Kwa hiyo kila mmoja wetu alisaini makubaliano na idara: rekodi ibaki nakala kwa aliyezungumza, msaidizi wa utafiti alipwe na jina lake liandikwe kwenye kazi kama mwenyewe atapenda, na tukimaliza turudi tusome matokeo mbele ya watu, kwa Kiswahili. Mjerumani aliuliza je kama tasnifu yake ni ya Kijerumani, akaambiwa basi utakuwa na kazi mbili. Akakubali, na nilimuona anamaanisha.

Safari ya Siyu, kule kisiwa cha Pate, ilikuwa iwe Jumatatu asubuhi, ikasogezwa kwa sababu ya maji, mkondo wa Mkanda unapitika vizuri maji yakiwa yamejaa, nahodha akasema tutatoka adhuhuri na hakuna aliyebishana. Tulivyokuwa tunasubiri gatini mi na Mjerumani tukarudi kwa mzee wa kofia, safari hii tumeitwa. Akamuonyesha pa kuweka kinasa sauti, mbali na cherehani ya jirani, akauliza nakala yake itakuja kwa njia gani, kwenye simu ya mjukuu au kwenye kile kijiti cha kuchomeka. Wakakubaliana simu ya mjukuu. Mjukuu akaitwa, akaandika namba, akajaribu kupokea faili moja fupi kuhakikisha inafunguka, ikafunguka, na mzee akajisikia mwenyewe anakohoa na kusema bismillahi. Akasema sawa, anza kuuliza.