Jinsi nilivyowakutanisha wanachuo wapya Tabora kwa WhatsApp

Nilipokuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja mjini Tabora, nilikabidhiwa kazi ya kuwapokea wanachuo wapya, nami nikafungua kundi la WhatsApp wiki nne kabla ya masomo kuanza. Kiungo cha kujiunga nilikisambaza ovyo, na nikajuta mapema. Siku ya tatu mtu nisiyemfahamu, aliyeweka nembo ya chuo kwenye picha yake, aliwaandikia kwamba ada ya hosteli ilipwe kwa namba yake ya simu. Ilikuwa ile ile "tuma kwenye namba hii" tunayoijua sote, safari hii imevaa suti. Nilipoamka, wawili walikuwa wamekwisha kutuma. Nilikibatilisha kiungo kile, nikawasha mpangilio unaomtaka admini amwidhinishe kila anayeomba kuingia, na kila jina nikalilinganisha na orodha ya waliochaguliwa.

Matapeli walipotoka, kundi likapoa. Watu zaidi ya mia moja walisoma bila kujibu, na sikuwalaumu, kwani ni nani atakayeuliza bei ya godoro mbele ya umati asioujua? Ufumbuzi niliupata kwenye reli. Kwa kuwa Tabora ndipo reli ya kati inapogawanyika kwenda Kigoma na Mwanza, niliunda makundi madogo kwa kufuata njia ambayo kila mmoja angejia: treni ya Kigoma, treni ya Mwanza, na mabasi. Humo ndimo maswali yalipoanza kumiminika.

Kundi la Kigoma lilinifurahisha kuliko yote. Binti aliyepandia Uvinza, akisafiri peke yake kwa mara ya kwanza, alituma ujumbe wa sauti uliojaa kelele za wachuuzi: "Jamani, nipo behewa la tatu, dirishani, nina ndoo ya mawese." Wenzake wawili waliopandia Kigoma walipita behewa kwa behewa hadi wakamwona. Nilipowapokea stesheni usiku, walikuwa wakibishana ni zamu ya nani kuibeba ndoo.

Wenye simu za kitochi ndio niliowasahau. Niliwatumia meseji kwa salio langu, mara nyingi kwa kuchelewa, mpaka kijana mmoja wa Urambo aliponiuliza, kwa upole ulionichoma, kwa nini kila kikao yeye hukisikia kikiwa kimekwisha. Tangu siku hiyo kila tangazo la kundini nililiandika pia kwenye karatasi na kulibandika mlangoni mwa bwalo.