Mahitaji ya Programu Yanapochanganuliwa na Mashine

Chama cha akiba hapa Kisumu kinapoagiza programu, mahitaji huja kwa sentensi kama hii: “Mfumo umtumie mwanachama ujumbe marejesho ya mkopo yanapochelewa.” Kichanganuzi, yaani programu inayochambua sentensi, kinachofuata semantiki ya fremu (nadharia inayoeleza maana ya neno kwa tukio linaloliibua na wahusika wake) aliyoiasisi mwanaisimu Charles Fillmore, ambayo ndiyo msingi wa FrameNet, mradi wa kuorodhesha fremu za maneno ya Kiingereza ulioanza Berkeley, Marekani, mwaka 1997, huipa kila sehemu nafasi yake: mtumaji ni mfumo, mpokeaji ni mwanachama, kinachotumwa ni ujumbe, na sharti ni kuchelewa kwa marejesho. Kwa Kiswahili ni lazima kitenzi chenyewe, “umtumie”, kifumuliwe kwanza, kwa kuwa kimebeba viambishi vya mtumaji (u-) na mpokeaji (-m-). Ninachokithamini zaidi ni nafasi inayobaki tupu: yachelewe kwa siku ngapi? Swali hilo linapaswa kumfikia mweka hazina kabla msimbo haujaandikwa.